Njia nne za kuwaokoa kondoo mwitu: ipi uipe fedha yako?

Januari 2025, kwenye maonyesho ya wawindaji wa milimani yanayofanyika kila mwaka mjini Reno, Nevada, kibali kimoja cha kuwinda kondoo mwitu wa pembe kubwa jimboni New Mexico kiliuzwa kwa mnada kwa dola milioni 1.3. Kibali kimoja, dume mmoja. Majira hayohayo maelfu ya wawindaji wengine wa Marekani hujiandaa kujaza fomu za droo za majimbo yao, ambako mtu hulipa ada ndogo na huenda akazeeka bila jina lake kutoka. Katika milima ya Torghar, mkoani Balochistan nchini Pakistan, wanaume waliokuwa wakisifika kwa shabaha hupiga doria kwa mshahara unaotokana na vibali vichache wanavyouziwa wageni. Na katika msitu wa Paphos, kisiwani Kupro, hakuna mwenye ruhusa ya kumwinda kondoo mwitu hata mmoja.

Mnada, droo, hifadhi ya wanakijiji na marufuku: zote huitwa uhifadhi, na kila moja ina watu wanaoapa kwamba nyingine tatu ni ulaghai. Hapa nazilinganisha kwa ajili ya mtu anayetaka kuchagua, awe mwindaji mwenye akiba, mchangiaji asiyewahi kushika bunduki, au kijana anayesomea wanyamapori na amechoshwa na malumbano. Niseme mapema ninakoegemea. "Tuwinde au tusiwinde" kwangu ni swali la pili. La kwanza ni hili: nani anachunga mifugo kwenye mlima ule, na je, fedha hizi zinamfikia?

Kinachowamaliza

Wengi hudhani adui mkuu wa kondoo mwitu ni risasi. Kuna wakati ilikuwa kweli. Karne ya 19, huko magharibi mwa Amerika Kaskazini, wauza nyama waliwalisha wachimba madini kondoo wa milimani bila hesabu wala msimu. Lakini risasi haikufanya kazi hiyo peke yake. Pamoja na wachimba madini walikuja wafugaji, na kondoo wao wakaja na upele na homa ya mapafu. Kufikia katikati ya karne ya 20 kondoo wa pembe kubwa waliobaki walikadiriwa kuwa chini ya 25,000. Leo wamezidi 80,000, na bado ugonjwa uleule ndio unaowanyima usingizi wataalamu.

Bakteria anayeogopwa zaidi anaitwa Mycoplasma ovipneumoniae. Kondoo wa kufugwa anaweza kumbeba puani bila hata kukohoa. Wakati wa kupandana, dume mwitu husafiri mbali akitafuta majike, na kundi la kondoo wa kufugwa likiwa njiani, hajali ni la nani. Anakutana nao pua kwa pua, kisha anarudi kwao. Baada ya hapo kundi zima linakohoa, wakubwa wanaanguka, wakati mwingine zaidi ya nusu. Waliopona wengine wanabaki wabebaji. Kila mwaka majike huzaa kama kawaida, wanakondoo wanaruka miambani wiki chache, halafu mmoja baada ya mwingine wanakufa kabla ya vuli. Ukilitazama kundi kama hilo kwa darubini utalisifu: majike wamenona, madume wana pembe za kupendeza. Kumbe linazeeka bila mrithi.

Asia nako hakuko salama. Sotoka ya mbuzi na kondoo iliingia Mongolia kutoka kwa mifugo, na mwaka 2016 na 2017 ikawafyeka swala aina ya saiga. Ongeza mbwa wa wachungaji wanaokimbiza wanakondoo, na mbuzi wa sufu ya kashmiri wanaokwangua majani hadi mizizi kwenye mabonde ambayo argali, kondoo mwitu mkubwa kuliko wote duniani, wanayategemea wakati wa baridi.

Kwa hiyo njia yoyote ya uhifadhi isiyomfikia mfugaji inatibu kikohozi na kuacha mapafu. Hicho ndicho kipimo nitakachotumia.

Mnada: fedha nyingi kwa mkupuo

Utaratibu wake ni rahisi. Jimbo linatenga kibali kimoja au vichache, linalikabidhi shirika la wawindaji liviuze kwa mnada, na sehemu kubwa ya fedha inarudi kwa idara ya wanyamapori ya jimbo kwa ajili ya kondoo haohao. Shirika maarufu katika kazi hiyo ni Wild Sheep Foundation, lililoanzishwa mwaka 1977 kwa jina jingine, na makao yake yapo Bozeman, Montana. Bei zimepanda mno. Mwaka 2013 dunia ya wawindaji ilishangaa kibali cha Montana kilipofika dola 480,000. Leo bei hiyo haishangazi mtu.

Fedha hizo zinanunua nini? Chukua kazi ya kukamata kondoo. Helikopta inashuka karibu na jabali, mtu mmoja anafyatua wavu, mwenzake anaruka chini na kumkalia mnyama. Kitu cha kwanza ni kitambaa cha kumfunga macho, kwa sababu kondoo asiyeona hutulia. Kisha miguu inafungwa kwa mikanda. Joto la mwili linapimwa mara kwa mara, maana mnyama aliyekimbizwa sana huchemka kwa ndani na anaweza kufa mikononi mwa waliokuja kumsaidia. Likizidi, anamwagiwa maji. Kijiti cha pamba kinaingizwa puani, damu inachukuliwa, kola ya kufuatilia kwa setilaiti inafungwa shingoni, na anaachiwa. Yote kwa dakika chache. Maabara ikionyesha jike yuleyule ana bakteria kila anapopimwa, anaondolewa kundini. Katika Hells Canyon, mpakani mwa Idaho, Oregon na Washington, kuondoa wabebaji wachache namna hiyo kumewarudishia uhai wanakondoo katika makundi ambayo kwa miaka yalikuwa yanazaa na kuzika.

Saa moja ya helikopta si bei ya mchango wa harambee. Hapo ndipo mnada hauna mshindani.

Fedha za namna hii pia zinaweza kumlipa mfugaji ili aachie kwa hiari kibali chake cha malisho kwenye ardhi ya umma iliyopakana na kondoo mwitu. Njia hiyo ina adabu na ina kasi. Mbadala wake ni mahakama. Mwaka 2010 mamlaka ya misitu ya Marekani iliamua kufunga takriban asilimia 70 ya maeneo ya malisho ya kondoo katika msitu wa Payette, Idaho; wafugaji wakashtaki, na mahakama ya rufaa haikumaliza shauri hadi mwaka 2016, ilipouacha uamuzi usimame. Wafugaji walishindwa, lakini miaka sita ya kutazamana kwa macho mekundu haijengi ujirani.

Sasa ubaya wake. Kwa sheria za Marekani kondoo mwitu ni mali ya umma, si ya mwenye shamba wala ya mwenye benki. Mnada unasema wazi kwamba mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Watetezi wanajibu kwamba ni kibali kimoja tu kati ya vingi, na kwamba kibali hicho kimoja kinalipia kazi ya wote. Nakubaliana nao kibali kikiwa kimoja au viwili. Utah imekwenda mbali zaidi: hutenga mamia ya vibali vya wanyama wa aina mbalimbali kwa ajili ya minada na droo za mashirika, na manung'uniko ya wawindaji wa kawaida hayajakoma. Manung'uniko hayo si wivu mtupu. Hao wanaosubiri foleni ndio wanaojitolea, ndio wanaopiga kura, na wakikata tamaa hakuna tajiri atakayebeba mifuko ya saruji badala yao.

Jambo la pili halisemwi sana. Mnada unalipia kile ambacho mnunuzi anakitamani, na mnunuzi anatamani pembe. Wapo wanaosaka madume wa aina zote nne za Amerika Kaskazini, yaani wa pembe kubwa, wa jangwani, wa Dall na wa Stone, ili wakamilishe orodha. Kundi dogo lisilo na madume wa kuvunja rekodi halina mnunuzi, hata kama ndilo linalohitaji helikopta kesho asubuhi.

Droo: fedha kidogo, watu wengi

Hapa nitapita haraka, kwa kuwa msomaji asiyeishi huko ana nafasi finyu. Mkazi wa jimbo anaomba kila mwaka kwa ada ndogo. Kwenye maeneo mengi uwezekano wa kupata haufiki asilimia moja. Majimbo mengine humpa pointi kila anapokosa, na mengine yakikupa kibali mara moja, hutapata tena maishani. Mgeni kutoka nje ya jimbo hugombea fungu dogo tu la vibali. Montana ina maeneo machache ya ajabu karibu na hifadhi ya taifa ya Yellowstone ambako yeyote anaweza kununua leseni bila droo, lakini idadi ya madume wanaoruhusiwa ni ndogo mno, na ikishatimia msimu unafungwa kwa taarifa fupi, uwe umeshapanda mlima au bado unafunga begi. Wanaolijua eneo hilo husema ndilo gumu kuliko yote.

Thamani ya droo haimo kwenye kibali kimoja kimoja. Imo kwenye mfumo uliouzunguka. Tangu sheria ya Pittman-Robertson ya mwaka 1937, kila bunduki ndefu na kila boksi la risasi linalouzwa Marekani hutozwa ushuru, ambao sasa ni asilimia 11, na fedha hizo hugawiwa majimbo kwa kazi za wanyamapori. Juu ya hapo kuna nguvu kazi. Katika majangwa ya Nevada na Arizona, watu ambao hawajawahi kupata kibali hubeba mabomba na matangi mabondeni kujenga vituo vya maji ya mvua vya kondoo wa jangwani. Katika jamii hii kuna hata klabu ya watu ambao hawajawahi kuua kondoo dume hata mmoja. Hukutana Reno kila Januari, hupigiwa kura ya bahati, na mshindi huondoka na safari ya kuwinda huku wenzake wakimshangilia na kumwonea gere. Nimeona vyama vya hiari vingi vinavyokufa kwa kukosa ucheshi. Hiki hakitakufa kwa ugonjwa huo.

Hifadhi ya wanakijiji: mwenyeji kwanza

Katikati ya miaka ya 1980, vita vya Afghanistan vilikuwa vimejaza bunduki za kisasa mpakani mwa Pakistan. Katika milima ya Torghar makhori, mbuzi mwitu wa pembe za kujisokota, walikadiriwa kuwa chini ya 100. Uriali, kondoo mwitu mwepesi mwenye ndevu shingoni, naye alikuwa haonekani kwa urahisi. Kiongozi wa kabila, Nawab Taimur Shah Jogezai, alifanya makubaliano na watu wake: uwindaji wote ukome, wawindaji hodari waajiriwe kuwa walinzi, vibali vichache sana viuzwe kwa wageni, na fedha zilipe mishahara hiyo. Hakuna aliyewaletea askari kutoka mjini. Walinzi walikuwa wachache mwanzoni, na walikuwa haohao waliokuwa wakiwaua wanyama, kwa hiyo kila njia ya jangili walishaipita wao wenyewe.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 makhori wa Torghar walikadiriwa kuzidi 1,500, na uriali nao walikuwa wamepita 1,000. Mwaka 2014 Marekani ilimshusha makhori huyo kutoka daraja la walio hatarini kutoweka, na mradi wa Torghar ulitajwa kuwa sababu kubwa. Pakistan ikaueneza mfumo huo kaskazini: katika vibali vya jamii, asilimia 80 ya ada ya kibali huenda kwa jamii inayoishi na wanyama, na 20 kwa serikali. Mwaka 2015 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, lilimwondoa makhori kwa ujumla katika kundi la walio hatarini kutoweka na kumweka kwenye kundi la walio karibu na hatari. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii hapa imepata mahali pake hasa.

Ukiipima kwa kipimo cha mfugaji, njia hii inashinda kwa sababu mlinzi na mfugaji ni mtu mmoja, au ni ndugu. Kijiji kinachopata kisima kutokana na uriali kinaweza kukaa kikao na kuamua bonde fulani lisichungwe wakati wa kuzaa. Kinaweza kufunga mbwa. Kinaweza kukubali mbuzi wote wachanjwe sotoka. Hakuna helikopta inayoweza kununua uamuzi wa kikao, na uamuzi huo usipofanywa, doria zote ni kazi bure.

Lakini nisije nikaonekana nimelewa sifa zake. Vibali ni vichache mno, kwa hiyo mapato yanategemea wateja wachache. Mwaka 2020 mipaka ilipofungwa, milima mingi ilikosa wageni na walinzi bado walikuwa na familia za kulisha. Kuna pia suala la nani anashika sanduku. Makubaliano yaliyosimama juu ya heshima ya kiongozi mmoja yanaweza kuyumba anapoondoka, na kijiji kilicho upande wa mlima usio na madume wakubwa huambulia vumbi la magari.

Tofauti hiyo inaonekana vizuri katika milima ya Pamir, nchini Tajikistan. Huko juu ya mita 4,000 wanaishi argali wa Marco Polo, na hesabu zilizofanywa tangu mwaka 2009 zimeonyesha zaidi ya 20,000 nchini humo. Kampuni binafsi zina maeneo makubwa ya uwindaji. Baadhi zimewalinda argali vizuri sana, kwa kuwa ndio biashara yao. Wakati huohuo, katika maeneo kama bonde la Bartang na Alichur, wawindaji wa vijijini wameunda vikundi vyao wenyewe na kukabidhiwa maeneo ya kuyasimamia. Mwindaji kutoka ng'ambo akilipa makumi ya maelfu ya dola kwa argali mmoja, hatatambua tofauti akiwa kitandani kambini. Wanakijiji wataitambua. Mongolia nayo ni onyo: wataalamu waliofanya kazi huko miaka ya 2000 walilalamika kwamba ada nono za argali zilikuwa zikiyeyuka serikalini na kwenye kampuni za safari, huku wachungaji wanaoishi na argali wakipata kidogo au kukosa kabisa.

Kuna mfano mmoja unaochanganya mnada na jamii, nao naupenda kuliko yote. Mwaka 1975 kondoo 20 wa jangwani walipelekwa kwenye kisiwa cha Tiburón, katika Ghuba ya California, nchini Meksiko. Kisiwa hicho ni ardhi ya Waseri, wenyeji wa asili wa huko. Miaka ya 1990 kondoo walikuwa mamia, vibali vichache vikaanza kupigwa mnada Marekani kwa bei kubwa, na Waseri wakapata kipato, huku wanyama wengine wakihamishiwa bara kuanzisha makundi mapya. Kwa nini walizaana kwa kasi hiyo? Kisiwa hakina simba wa milimani (puma), na hakina kondoo wa kufugwa.

Marufuku: dawa nzuri kwa ugonjwa mmoja

Wanaopinga uwindaji wana mfano wao wa kujivunia, na wana haki. Miaka ya 1930 mufloni wa Kupro, kondoo mwitu mdogo anayeonekana hadi kwenye nembo za kisiwa hicho, walikuwa wamebaki wachache mno. Mwishoni mwa muongo huo msitu wa Paphos ulifanywa hifadhi na uwindaji wake ukapigwa marufuku. Leo wapo takriban 3,000. Lakini soma sehemu ya pili ya habari hiyo, ambayo husahaulika: mbuzi wa kufugwa nao waliondolewa msituni.

Sasa weka kando yake milima ya Sierra Nevada, California. Huko kuwinda kondoo mwitu kulikatazwa tangu karne ya 19, tena kwa zaidi ya miaka 100 mfululizo. Mifugo iliendelea kupanda mlimani kila kiangazi. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 kondoo wa Sierra Nevada walikuwa wamebaki takriban 100 tu, na mwaka 1999 wakatangazwa kuwa hatarini kutoweka. Baada ya hapo, kwa kutenganishwa na mifugo na kuhamishiwa kwenye vilele vilivyoachwa wazi, waliongezeka hadi takriban 600, kabla ya theluji nzito za mwaka 2017 na 2023 pamoja na simba wa milimani kuwarudisha nyuma. Sheria ileile, matokeo mawili, na kilichotofautisha ni mifugo.

Utalii je? Huko Ladakh, India, ambako uwindaji umekatazwa kwa miongo mingi, tangu mwaka 2002 wenyeji wa vijiji kama vile vya hifadhi ya Hemis wamekuwa wakipokea wageni majumbani mwao, na fedha zinaingia mikononi mwa akina mama wa nyumba. Wageni wanakuja kumtafuta chui wa theluji, na chui anahitaji uriali na wenzake wa kula, hivyo wote wananufaika. Ni njia safi. Ina mpaka wake tu: inafanya kazi pale ambapo mnyama yuko karibu na njia, na ambapo jina lake linauza. Ni wangapi watalipa nauli ya kupanda mita 4,500 wakati wa baridi ili kuona nukta za kahawia umbali wa kilomita moja? Mwindaji mmoja hulipa ada ya watalii wengi, hali choo, kambi na njia anavyohitaji ni vya mtu mmoja. Ukweli huo haupendezi, lakini haujabadilika.

Hoja ya pembe

Mtu asiyewinda huuliza swali la haki: ukiua madume wenye pembe kubwa kila mwaka, si utabaki na wenye pembe ndogo? Katika Ram Mountain, Alberta, kondoo wamefuatiliwa mmoja mmoja tangu miaka ya 1970. Mwaka 2003 watafiti walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba pembe za madume wa huko zilikuwa zimepungua kwa uteuzi wa bunduki. Wataalamu wengine, wakipima pembe za maeneo mengi ya bara hilo, wamesema hali hiyo si ya kila mahali. Mimi nawaelewa wote, kwa sababu jibu liko kwenye kanuni ya eneo husika. Sheria ikitazama umbo la pembe pekee na vibali vikiwa havina ukomo, dume anayekua haraka anakuwa halali kuuawa akiwa bado kijana, kabla hajazaa vya kutosha, na yule mwenye pembe duni anaachwa atambe miaka kumi.

Alaska, kwa mfano, dume wa Dall ni halali pembe yake ikitimiza mzunguko kamili, au akiwa na miaka minane au zaidi, au ncha zote mbili zikiwa zimevunjika. Mwindaji makini hulala kifudifudi nyuma ya jiwe saa nzima, jicho kwenye darubini, akihesabu pete za pembe. Kila baridi huacha pete moja. Za miaka ya mwanzo zimeachana sana. Kadiri dume anavyozeeka zinasongamana karibu na fuvu, na jua likiwa juu hazionekani, mpaka ageuze kichwa. Asipokuwa na hakika, anashuka mlima mikono mitupu. Tafuta programu inayodai umri, na inayomtoza faini au kumfungia mwongoza wawindaji aliyekosea.

Kwa hiyo uchague ipi?

Ukiwa mwindaji mwenye uwezo na unatamani kondoo wa milimani mara moja maishani, ningekuelekeza Asia kabla ya mnada wa Reno, kwa sharti kwamba eneo linashikiliwa na jamii na mgawo wa fedha umeandikwa. Fedha zako zitakuwa mshahara wa mtu unayemjua kwa sura. Ukiwa tajiri kweli na umeshikilia Amerika, nunua kibali cha jimbo lenye ugonjwa, si lenye rekodi.

Ukiwa mkazi wa jimbo lenye droo, omba kila mwaka, kisha nenda ukabebe mabomba. Kwa mchangiaji mdogo asiyewinda, fedha inayofika mbali zaidi ni ile inayolenga malisho: kulipa wafugaji waachie vibali karibu na kondoo mwitu, au kuchanja mifugo ya vijiji vya milimani. Ukipinga uwindaji kwa dhamiri yako, usijilazimishe. Unga mkono marufuku pale ambapo kundi ni dogo na hakuna mifugo, au ambapo kuna mpango na bajeti ya kuiondoa. Marufuku ya karatasi tupu mlimani penye mbuzi elfu moja sitakushauri kuichangia.

Na kabla ya kutuma chochote popote, uliza hesabu ya wanakondoo. Usiridhike na hesabu ya madume. Uliza majike 100 wana wanakondoo wangapi walio hai mwishoni mwa baridi. Idadi ikishuka chini ya 20 kwa miaka kadhaa, kundi linakwisha hata kama picha za madume kwenye tovuti zinang'aa. Wanaojua kazi yao watakujibu siku hiyohiyo, tena na mwaka wa hesabu. Wakikutumia picha ya pembe badala ya jibu, tafuta wengine.